Tatu za Nini? Ushauri kwa Anayehangaika na Hesabu za Amonia

Kila Jumamosi asubuhi nafundisha kemia katika chumba kimoja hapa Masoro, upande wa juu wa barabara itokayo Mulindi, mahali ambapo malori yaendayo kwenye eneo maalumu la viwanda la Kigali hayaishi kupandisha mlima. Wanafunzi wangu ni mchanganyiko: Wanyarwanda, watoto wa Goma na Bukavu, wawili wa Bujumbura, na mmoja wa Kigoma kama mimi. Shuleni wanasoma kwa Kiingereza. Kwangu tunatumia Kiswahili, kwa kuwa ndiyo lugha ambayo sote tunaweza kubishana kwayo bila kuoneana haya.

Siku moja binti wa kidato cha tano alinionyesha karatasi ya jaribio. Swali lilikuwa hivi: gramu 28 za naitrojeni zinahitaji gramu ngapi za haidrojeni ili naitrojeni yote igeuke amonia? Mlinganyo alikuwa ameuandika vizuri, N₂ + 3H₂ → 2NH₃, na ameusawazisha bila kosa. Kisha akachukua 28, akazidisha kwa 3, akapata gramu 84. Alipigiwa kosa kwa kalamu nyekundu, bila neno la maelezo.

“Mwalimu, kwani mlinganyo hausemi tatu?” akaniuliza.

“Unasema tatu, mwanangu. Tatu za nini?”

Alinyamaza. Nimeuona ukimya huo kwa wanafunzi wengi mno, na nilikuwa nao mwenyewe nilipokuwa na umri wake. Si ukimya wa mtu asiyejua hesabu. Kuzidisha anajua, kugawanya anajua. Kinachomponyoka ni jina la kitu anachokihesabu. Kwa hiyo wewe unayejiandaa kwa mtihani, au mzazi unayemsaidia mtoto mezani usiku, nakuomba uanze na swali hilo kila unapokutana na namba kwenye kemia: za nini?

Lugha yetu nayo ina mtego wake hapa, na ni vizuri kuufahamu. Kiswahili kwa kawaida humlinda msemaji: ukisema “vitatu” najua huzungumzii watu, ukisema “watatu” najua huzungumzii viti. Lakini maneno ya kemia tumeyakopa, na karibu yote yamekwenda kukaa katika ngeli moja. Atomi tatu. Molekuli tatu. Moli tatu. Gramu tatu. Lita tatu. Kilo tatu. Zote ni “tatu” tupu, hakuna kiambishi cha kukushtua kwamba umehama kutoka kuhesabu na kuingia katika kupima. Binti yule alihama bila kujua. Aliingia mlangoni na molekuli tatu, akatoka na gramu.

Ndiyo maana mimi sianzi na moli. Naanza na jiko.

Kila mtu katika nchi zetu anajua mafiga. Mawe matatu, chungu juu yake. Wanyarwanda huyaita amashyiga, na ukiyatamka maneno hayo mawili moja baada ya jingine unasikia kabisa kuwa ni ndugu. Sasa amonia ni hiyo: atomi moja ya naitrojeni ndiyo chungu, atomi tatu za haidrojeni ndizo mafiga. Na huu si mfano wa kubahatisha, kwa sababu molekuli ya amonia kweli ina umbo hilo: naitrojeni iko juu, haidrojeni tatu zimetandazwa chini yake kama miguu, na pembe kati ya mguu na mguu ni takriban digrii 107. Ukiichora amonia kama mstari ulionyooka umeikosea; ichore kama chungu juu ya mafiga.

Tazama jinsi upatanisho wa sarufi unavyorudi kukulinda. Chungu kimoja, mafiga matatu. Huwezi kuvichanganya.

Tatizo ni kwamba vitu hivi havipatikani kimoja kimoja. Naitrojeni ya hewani hutembea wawili wawili: vyungu viwili vilivyofungwa pamoja kwa kamba tatu. Haidrojeni nayo hutembea wawili wawili, lakini jozi yake imefungwa kwa kamba moja tu. Ukitaka majiko, huna budi kuzifungua jozi. Jozi moja ya vyungu inakupa vyungu viwili. Vyungu viwili vinataka mafiga sita. Mafiga sita ni jozi tatu. Na mwishoni una majiko mawili. Jozi moja, jozi tatu, majiko mawili: 1, 3, 2. Mlinganyo wote umekwisha hapo, na hakuna uliyemwomba akariri kitu.

Nawashauri walimu wenzangu na wazazi walifanye jambo hili kwa mikono. Chukua maharage yawe naitrojeni, punje za mtama ziwe haidrojeni, na utepe wa kunata wa kufungia jozi. Mwanafunzi akitengeneza majiko manane mezani kwa vidole vyake, kisha ukamwuliza alitumia jozi ngapi za maharage na jozi ngapi za mtama, atakujibu nne na kumi na mbili kabla hujamaliza kuuliza. Dakika kumi za punje mezani zinafaa kuliko saa mbili za ubaoni.

Zile kamba tatu za naitrojeni zisisahaulike. Hewa tunayoivuta ina naitrojeni asilimia 78 hivi, na bado shamba la mahindi linaweza kugeuka manjano kwa njaa ya naitrojeni huku limezungukwa nayo. Mmea hauna nguvu ya kuzikata kamba hizo. Mahindi yanazungukwa na vyungu vilivyofungwa.

Sasa tuje kwenye moli, neno linalowatisha watu bure.

Wazee wa pwani walikuwa na vipimo vya kila namna. Pishi ilipima ujazo wa nafaka. Ratili ilipima uzito. Korija haikupima ujazo wala uzito, ilihesabu tu: korija ya mikeka ni mikeka ishirini, korija ya nguo ni nguo ishirini. Hakuna aliyedhani kwamba korija ya mikeka ina uzito sawa na korija ya leso. Moli ni ndugu wa korija, si ndugu wa ratili. Tofauti ni ukubwa wa idadi peke yake: tangu tarehe 20 Mei 2019 moli moja imewekwa rasmi kuwa chembe 6.02214076 × 10²³ kamili, si zaidi si pungufu. Kabla ya hapo ilifafanuliwa kwa kulinganisha na atomi zilizomo katika gramu 12 za kaboni-12. Kwa mwanafunzi mabadiliko hayo hayagusi hesabu, ila yanaweka wazi tabia ya moli: ni idadi.

Kwa hiyo popote uliposema jozi, sema moli ya molekuli. Moli moja ya naitrojeni, moli tatu za haidrojeni, moli mbili za amonia. Uwiano haubadiliki, kama ambavyo jozi moja kwa jozi tatu ni sawa na korija moja ya jozi kwa korija tatu za jozi.

Uzito unaingia baadaye, na hapa mfano wangu wa jikoni unageuka kichwa chini, lazima niseme mapema. Jikoni figa ndilo zito. Kwenye amonia chungu ndicho kizito: atomi ya naitrojeni ni nzito mara 14 kuliko ya haidrojeni, kwa namba za kukadiria. Basi moli moja ya N₂ ni gramu 28. Moli moja ya H₂ ni gramu 2, na moli tatu ni gramu 6. Amonia ni 14 na 3, gramu 17, na moli mbili ni gramu 34. Jumlisha 28 na 6. Umepata 34, hakuna kilichopotea.

Jibu la binti yule lilikuwa gramu 6. Si 84. Kwa idadi haidrojeni ni mara tatu ya naitrojeni. Kwa uzito naitrojeni inaizidi haidrojeni 14 kwa 3. Kauli zote mbili ni kweli kwa wakati mmoja, kwa kuwa kila moja ina jibu lake la “za nini”.

Mtego huo huo hujirudia kwenye asilimia. Nikikuuliza ni sehemu gani ya amonia ni naitrojeni, una haki ya kuniuliza nataka kwa idadi au kwa uzito. Kwa idadi ni robo: atomi moja kati ya nne. Kwa uzito ni 14 kugawanya kwa 17, yaani asilimia 82.35, na haidrojeni ni 17.65. Mtihani ukisema “muundo kwa asilimia” bila kuongeza neno, unamaanisha uzito. Jenga mazoea ya kujumlisha mwishoni. Zisipofika 100, rudi nyuma.

Njia ya kurudi ndiyo inayowashinda wengi zaidi, ingawa ni ile ile ikitembezwa kinyume. Ukipewa kwamba gesi fulani ina naitrojeni asilimia 82.35 na haidrojeni 17.65, usizitazame asilimia zenyewe. Zigeuze kwanza ziwe idadi: 82.35 gawanya kwa 14 upate 5.88, 17.65 gawanya kwa 1 ibaki 17.65. Sasa unalinganisha moli kwa moli. 17.65 gawanya kwa 5.88, inakuja 3. Chungu kimoja, mafiga matatu. Claude Berthollet, mkemia wa Ufaransa, alionyesha mwaka 1785 kwamba amonia ni naitrojeni na haidrojeni basi, bila kitu cha tatu, na tangu hapo mizani imeendelea kurudisha jawabu hilo.

Jaribu mwenyewe na kitu kingine chenye naitrojeni asilimia 87.5 na haidrojeni 12.5. Utapata 6.25 kwa 12.5, moja kwa mbili, NH₂. Lakini uwiano peke yake haukuambii molekuli ina ukubwa gani. Ukiambiwa moli moja ya kitu hicho ni gramu 32, ndipo unajua ni N₂H₄, haidrazini, ambayo ni sumu kali na hutumika kama fueli ya roketi. Elementi zile zile mbili, hesabu tofauti, dunia nyingine kabisa.

Nije kwenye swali ambalo naliona katika kila seti ya mazoezi, lile la kitu kinachokwisha kwanza. Umepewa kilo 10 za naitrojeni na kilo 3 za haidrojeni. Utapata amonia kiasi gani? Macho yanasema naitrojeni ni nyingi. Macho yanatazama kilo. Geuza: gramu 10,000 kwa 28 ni moli 357 hivi za N₂. Gramu 3,000 kwa 2 ni moli 1,500 za H₂. Moli 357 za naitrojeni zinadai haidrojeni mara tatu yake, takriban 1,071. Unazo 1,500. Basi haidrojeni ndiyo itakayobaki, na ile naitrojeni iliyoonekana nyingi ndiyo itakayokwisha. Amonia itakuwa moli 714, mara 17, ambayo ni kilo 12.14. Itabaki haidrojeni kilo 0.86. Jumlisha: kilo 13, zile zile ulizoanza nazo.

Katika mahesabu haya mimi humlazimisha mwanafunzi aandike jina kamili mbele ya kila namba, hata kama linachosha mkono. Si “357”, si “357 mol”, bali “moli 357 za N₂”. Wengi hulalamika kwamba muda wa mtihani hautoshi. Unatosha. Muda mwingi unaopotea ni ule wa kurudi nyuma kutafuta ile 1,071 ilikuwa ya nini.

Iko habari moja ya ujazo ambayo inafaa kuikumbuka. Gesi zikiwa katika joto moja na kanieneo moja, moli zilizo sawa huchukua nafasi sawa. Hilo ni wazo la Avogadro la mwaka 1811. Kwa hiyo lita moja ya naitrojeni na lita tatu za haidrojeni hutoa lita mbili za amonia. Lita nne zimekuwa mbili! Mwanafunzi akiliona hilo huelewa mara moja kwa nini viwanda hubana gesi hizi kwa nguvu kubwa: ukiibana, mmenyuko huelekea upande unaochukua nafasi ndogo. Fritz Haber alilionyesha hilo maabarani Karlsruhe mwaka 1909, Carl Bosch akalifanya kiwanda, na mtambo wa Oppau, Ujerumani, ukaanza kazi mwaka 1913. Kanieneo huwa mara 150 hadi 250 ya hewa ya kawaida, joto digrii 400 hadi 500, na chuma ndicho kichocheo kinachosaidia kulegeza zile kamba tatu. Hata hivyo, gesi zikipita mara moja huwa ni takriban asilimia 15 tu inayogeuka amonia. Iliyobaki hurudishwa mwanzo ipite tena na tena. Kwa hiyo ukiona swali linalosema “mavuno ni asilimia 15”, usidhani limetungwa kukukomoa.

Wanafunzi wangu huniuliza haya yote yanahusiana nini na Masoro. Yanahusiana sana. Tarehe 15 Oktoba 2016, katika jiji hili hili, mataifa yalipitisha Marekebisho ya Kigali ya Mkataba wa Montreal, ya kupunguza hatua kwa hatua gesi za HFC zinazotumika katika majokofu na viyoyozi na ambazo hulipasha joto anga kwa kiwango kikubwa. Gesi hizo zikipunguzwa, lazima kitu kingine kipoze maghala ya maua, maziwa na samaki. Kimojawapo, kwa mitambo mikubwa, ni amonia, ambayo imekuwa ikifanya kazi hiyo tangu karne ya 19 na ambayo haichangii kulipasha joto anga. Kwenye kibao cha mtambo wa aina hiyo huandikwa R717. Wengi hudhani ni namba ya kiwandani tu. Mfululizo wa 700 ni wa vitu visivyo vya kaboni hai, na 17 inayofuata ni uzito wa moli moja ya amonia. Kabonidayoksaidi ni R744, kwa sababu uzito wake ni 44. Maji ni R718. Kijana anayeota kufanya kazi ya ubaridi, kazi ambayo sasa ina hata kituo chake cha Afrika nzima, ACES, kule Rubirizi, tayari anaisoma lugha hiyo darasani bila kujua.

Amonia yenyewe ina meno, na siwezi kuandika ushauri nikaacha hilo. Kipimo cha kawaida cha kumlinda mfanyakazi ni sehemu 25 kati ya milioni moja za hewa. Ikifika sehemu 300, uhai uko hatarini. Sehemu za nini? Kwa gesi ni molekuli: molekuli 25 za amonia ndani ya milioni. Uwiano wa moli umekufuata mpaka kwenye pua. Ukifuga kuku, usiipime hewa ya banda ukiwa umesimama mlangoni. Chuchumaa hadi usawa wa kuku, vuta pumzi. Macho yakiwasha, wao wanaungua mchana na usiku. Toa maranda yaliyolowa, fungua madirisha ya juu. Mtambo wa ubaridi ukivuja, tembea kuelekea upepo unakotoka, na kitambaa kilicholoweshwa maji puani kitakusaidia dakika za kwanza kwa sababu amonia hupenda maji mno. Na nyumbani, tafadhali sana, usimwage Jiki, ile dawa ya kung'arishia nguo, juu ya dawa ya kusafishia yenye amonia, wala kwenye choo chenye mkojo mwingi uliolala. Hutoka gesi ya kloramini inayoshambulia mapafu. Sijali umefaulu kemia au umefeli, hili lijue.

Sasa turudi kwenye malori. Mizigo mingi ya Rwanda hushushwa bandari ya Dar es Salaam na kuvuka mpaka wa Rusumo, mbolea ikiwa miongoni mwake. Mfuko wa urea wa kilo 50 ndiyo maabara bora ninayoijua, na haina ada.

Urea ni CO(NH₂)₂. Hesabu: 12, 16, 28 na 4, jumla 60. Naitrojeni ni 28 kati ya 60, asilimia 46.67. Mfuko umeandikwa 46. Namba ya mfukoni na namba ya daftarini zimekutana, kwa hiyo unajua urea ya dukani ni karibu safi. Fanya hivyo kwa mbolea ya DAP, (NH₄)₂HPO₄: naitrojeni ni 28 kati ya 132, asilimia 21.2, lakini mfuko unasema 18. Hiyo si safi sana, na hakuna aliyekudanganya, kwa sababu namba iliyoandikwa ndiyo unayouziwa.

Urea hutengenezwa kwa moli mbili za amonia na moli moja ya kabonidayoksaidi. Fuata uzi nyuma. Moli moja ya urea, gramu 60, imekula amonia gramu 34, na hiyo amonia imekula haidrojeni gramu 6. Basi kilo 60 kwa kilo 6, na mfuko wa kilo 50 umekula haidrojeni kilo 5 kamili. Na kama haidrojeni hiyo ingetolewa kwenye maji kwa umeme, kila kilo moja ingehitaji kilo 9 za maji, kwa kuwa maji ni 2 ya haidrojeni na 16 ya oksijeni. Kilo 5 mara 9: lita 45. Mfuko mmoja wa urea ni jerikani mbili na robo za maji. Siku tulipoifikia namba hiyo darasani, kijana wa Bujumbura aliinuka akaenda kuitazama jerikani iliyokuwa pembeni kana kwamba ameiona kwa mara ya kwanza.

Kazi ya kutoa haidrojeni kwenye maji kwa umeme imekwisha kuanza Kenya. Upande wa Naivasha, kampuni ya Talus Renewables ilifunga mtambo mdogo wa kutengeneza amonia kwa umeme wa jua kwa ajili ya mashamba ya Kenya Nut Company, ukiwa umesanifiwa kutoa takriban tani moja kwa siku. Unaweza kukagua mahitaji yake ukiwa umekaa: tani moja ya amonia ina haidrojeni kilo 176.5, nayo hudai maji lita 1,588 au karibu. Jerikani 80 kwa siku. Hakuna mto unaokauka kwa hilo. Ugumu ni umeme.

Watoto wa Goma na Bukavu wao huleta habari za Ziwa Kivu. Chini ya maji yale, kwa makadirio, kuna kilomita za ujazo zipatazo 60 za methani na 300 za kabonidayoksaidi. KivuWatt, upande wa Karongi, imekuwa ikiivuta methani hiyo tangu 2016 kwa umeme wa megawati 26. Haidrojeni kwa kawaida viwandani hutolewa kwenye methani: moli moja ya CH₄ na mvuke hutoa moli nne za H₂ na moli moja ya CO₂. Kwa hesabu ya karatasi, mbali na methani ya kuchoma kwa ajili ya joto, kilo 10 za methani zinatosha haidrojeni ya mfuko mmoja wa urea. Lakini angalia kabonidayoksaidi: inayotoka ni kilo 27.5, na mfuko unahitaji 36.7. Imepungua. Ni moja ya mapungufu yanayojulikana ya kutengeneza urea kwa gesi asilia. Nalo ziwa letu lina kabonidayoksaidi mara tano ya methani. Sisemi kiwanda kijengwe kesho. Mambo ya usalama wa ziwa lile ni mazito na yana wataalamu wake. Nasema mtoto wa miaka 17 anaweza kuliona hilo kwa kalamu, na mimi huona fahari kila anapoliona.

Mama wa yule binti wa gramu 84 analima mahindi Bugesera. Alikuja kumchukua mwanawe Jumamosi moja, akakuta mfuko mtupu wa urea na mwingine wa NPK 17-17-17 nimeibandika ukutani. Akasimama akaisoma.

“Mwalimu,” akasema, “hii yote ni mifuko ya kilo hamsini. Kilo hamsini za nini?”

Nilimgeukia binti. Akachukua chaki, akamwonyesha mama yake: huu una naitrojeni kilo 23, ule una kilo 8.5, na ndani ya ule kuna fosforasi na potasiamu ambazo huu hauna kabisa, kwa hiyo usilinganishe bei za mifuko, gawanya bei kwa kilo za unachokitafuta. Kupandia ni ule, kukuzia ni huu. Mama akauliza kwa nini urea yake ya msimu uliopita ilinuka kama choo siku ya tatu, mahindi yasiamke. Binti akaandika: urea na maji, amonia mbili, kabonidayoksaidi moja. “Uliimwaga juu ya udongo, mama, mvua ikachelewa. Kila kilo iliyooza ikaondoka hivyo ilirusha angani amonia zaidi ya nusu kilo. Mwaka huu chimba, ifukie kina cha kidole, mvua ikiwa karibu.”

Mama akamwuliza kidole kipi, cha mtoto au cha mtu mzima. Wakakubaliana sentimita tano.